Kipa na namba 1 mgongoni, nani alisema ni lazima?

NyandaMstaafu

Wakuu habari za jioni. Nimekuja na hii kitu maana imenikaa kichwani tangu jumamosi. Tuna timu yetu ya kazini, ya kujifurahisha tu, tumeletewa seti mpya ya jezi na ile ya kipa ina namba 1 kubwa katikati ya mgongo. Sasa kuna dogo mpya, mdakaji hasa, mpira ukigusa mikono yake umelala. Kakabidhiwa ile jezi, kaikunja vizuri, kairudisha kwenye begi. Anasema yeye anavaa 16. Nahodha akawaka, we dogo kipa ni namba moja tangu dunia iumbwe, kama hutaki kacheze winga. Mimi nimedaka miaka mingi kabla goti halijanisaliti nikajikuta namtetea dogo, basi tukabishana pale mpaka taa za uwanja zikazimwa.

Nimerudi nyumbani nikaanza kupiga hesabu. Kombe la Dunia, wachezaji walianza kupewa namba moja ya kutumia mashindano yote mwaka 1954. Nikachukua makipa wote waliobeba ndoo kuanzia hapo hadi 2022 nikatazama migongo yao. Wengi ni 1 kweli, akina Banks, Maier, Zoff, Taffarel, Casillas, Neuer. Ila watano hawakuvaa 1. Gilmar 1958 alivaa 3. Fillol 1978 alivaa 5. Pumpido 1986 alivaa 18. Barthez 1998 alivaa 16. Na Emiliano Martínez 2022 alivaa 23, yule yule aliyemzuia Kolo Muani kwa mguu dakika ya 123 ubao ukisoma 3-3, ile ingeingia hata penati tusingeziona. Unajua namba 1 ya Argentina siku ile ilikuwa wapi? Kwa Franco Armani, kaketi benchi anaangalia kama mimi na wewe.

Sasa wakuu, namba 1 ni cheo, ni sheria, au ni mazoea tu tumerithishana? Na msiishie kwenye soka, wa michezo mingine pia karibuni.

KigodaChaMbele

Nakaa hapa nasubiri nondo.

Takwimu_Tupu

Mkuu mleta uzi hapo kwa Gilmar unatupiga chai. Gilmar alivaa 1, picha ninayo.

NyandaMstaafu

Picha uliyonayo ni ya 1962 mkuu, huko alivaa 1 na akabeba tena. 1958 kule Sweden orodha ya Brazil ilifika bila namba, wakagawiwa hovyo tu. Namba 1 ikamwangukia Castilho ambaye ni kipa wa akiba, Gilmar akapata 3, Garrincha winga wa kulia akapewa 11 na Zagallo wa kushoto akapewa 7, yaani kinyume kabisa. Na kadogo ka miaka 17 kakaangukiwa na 10. Pelé. Heshima yote ya jezi namba 10 unayoiona leo, kwa kiasi kikubwa imeanzia kwenye ule ugawaji wa hovyo.

Takwimu_Tupu

Dah. Nimekubali, naomba radhi kwa ile chai.

Babu_Kalamu

Ngoja niwape asili yake vijana. Tarehe 25 Agosti 1928 ndo Arsenal walipoenda kwa Sheffield Wednesday wakiwa na namba mgongoni, na siku hiyo hiyo Chelsea wakavaa namba dhidi ya Swansea. Kabla ya hapo ukitaka kumjua mchezaji unamtambua kwa mwendo wake na nywele zake basi. Sasa mfumo wa wakati ule ulikuwa mabeki wawili, viungo watatu, mbele watano. Ukihesabu kuanzia golini kwenda mbele, kulia kwenda kushoto, wa kwanza unayekutana naye ni nani? Kipa. Mabeki 2 na 3, viungo 4, 5, 6, mbele 7 hadi 11. Kwa hiyo ile 1 haina maana ya bora wala mkubwa. Ni mtu wa kwanza kwenye kuhesabu. Kama jamaa wangeamua kuhesabu kuanzia mbele kipa angekuwa 11 na leo huyo nahodha wenu angekuwa anamfokea dogo kwa nini hataki 11.

Na hili lilitokea kweli, si mfano wa kubuni. Fainali ya Kombe la FA 1933 Everton walivaa 1 mpaka 11 na Manchester City 12 mpaka 22, ila City wakahesabiwa kinyume, kipa wao Len Langford akavaa 22. Akafungwa tatu bila siku ile lakini hilo si kosa la namba. Ligi ya Uingereza ilikuja kulazimisha namba 1939, na muda si mrefu vita ikasimamisha kila kitu.

Linganisheni na raga. Raga ya watu 15 inahesabu kuanzia mbele, wale mabwana wa kusukumana ndo 1, 2, 3 na beki wa mwisho kabisa ni 15. Raga ya watu 13 beki wa mwisho ndo 1. Mpira ule ule wa yai, watu wameanza kuhesabu ncha tofauti.

Mvua_ya_Magoli

Babu umemaliza kila kitu, uzi ufungwe 😂

Ticha_wa_Mazoezi

Usifungwe kwanza, kuna alfabeti bado. Kwenye miaka ya 70 na 80 kuna nchi ziliamua kugawa namba kwa kufuata majina, A kwanza Z mwisho, ili kusiwe na ugomvi wa jezi. Uholanzi 1974 wakafanya hivyo (Cruyff peke yake akaachiwa 14 yake), namba 1 ikaenda kwa Ruud Geels ambaye ni straika, na kipa wao Jan Jongbloed akadaka na 8. Akacheza fainali akapoteza. Miaka minne mbele karudi na 8 ile ile, kacheza fainali nyingine, kapoteza tena.

Argentina ndo walionogewa. 1978 namba 1 kwa Norberto Alonso, kiungo. 1982 namba 1 kwa Ardiles, kiungo, na Fillol golini amevaa 7! Fikiria unaangalia tivii ndogo isiyo na rangi, mtu wa 7 anadaka kona. 1986 namba 1 kwa Sergio Almirón, naye si kipa. Kwa hiyo ile 5 ya Fillol na 18 ya Pumpido kwenye hesabu yako mkuu si kwamba walichagua, ni herufi F na herufi P tu.

Siku hizi hiyo haiwezekani Kombe la Dunia, kanuni ya FIFA inasema namba 1 lazima iende kwa mmoja wa makipa. Ona sasa, inasema mmoja wa makipa. Haijasema yule anayeanza.

NyandaMstaafu

Hiyo sentensi ya mwisho naipiga skrinshoti namtumia nahodha sasa hivi.

Frikiki_Mita20

Umenikumbusha Argentina 2002. Walitaka kustaafisha 10 kwa heshima ya Maradona wakapeleka orodha imeruka 10 ikafika 24. FIFA wakagoma, namba ni 1 hadi 23 bila kuruka. Rais wa FIFA wakati huo, Blatter, akapendekeza basi 10 avae kipa wa tatu, Roberto Bonano. Yaani jezi ya Maradona nusura imwangukie mtu wa glovu ambaye hata kucheza hatacheza. Mwisho akavaa Ortega.

Kumi_na_Sita

Mleta uzi huyo dogo wako ana damu ya makipa wa Kiafrika, mpeni 16 yake. Hii namba ina historia ndefu. Kwenye ligi ya Ufaransa kwa miaka mingi namba za makipa zilikuwa 1, 16 na 30, ndo maana ukimwona Mandanda pale Marseille alikuwa 30, Barthez kwenye timu ya taifa alikuwa 16 mashindano matatu ya Kombe la Dunia, 1998, 2002 na 2006, hata alipokuwa kipa wa kwanza bila ubishi wowote. Na timu nyingi za Afrika makipa wao wamepitia Ufaransa, 16 ikahamia nao.

Sasa sikiliza hii. 1990 Cameroon wanafungua Kombe la Dunia na Argentina mabingwa watetezi. Kipa namba 1 mgongoni ni Joseph-Antoine Bell na ndiye aliyekuwa aanze, ila alikuwa ameyasema vibaya maandalizi ya timu hadharani, akaenguliwa mechi ikiwa mlangoni. Akaingia Thomas N'Kono na 16. Cameroon wakashinda 1-0 wakiwa pungufu wakaenda mpaka robo fainali. Huku Italia kuna mtoto wa miaka 12 anaangalia ile traksuti ndefu ya N'Kono na vile anavyopangua mipira kwa ngumi, kaamua naye awe kipa. Huyo mtoto ni Buffon. Mwanae wa kwanza kampa jina Louis Thomas, na hiyo Thomas ni ya N'Kono. Sasa niambie namba 1 ina nini.

Halafu Édouard Mendy kabeba Ligi ya Mabingwa na Chelsea 2021 na 16, akaja kubeba AFCON na Senegal mapema 2022 na 16 hiyo hiyo. Chiamaka Nnadozie wa Nigeria naye 16, Kombe la Dunia 2023 kapangua penati ya Christine Sinclair. Khune na Bafana (Afrika Kusini) 2010, 16. Hii namba inadaka aisee.

Mvua_ya_Magoli

Khune huyo huyo aliyekula nyekundu na Uruguay na penati ikaingia? 😅

Kumi_na_Sita

Mkuu usiniharibie hoja.

Chumba_cha_Jezi

Hispania mambo ni magumu zaidi, kikosi ni watu 25 na makipa ni 1, 13 au 25 tu, hakuna kuchagua. Oblak ameishi na 13 Atlético miaka yote na hajawahi kuonekana mdogo kwa sababu yake. Courtois pale Real Madrid kazivaa zote tatu, kaanza na 25 Navas akiwa na 1, akahamia 13, ndo akafika 1. Ukitaka cheo cha kupanda ngazi, pale ndo kipo.

Italia ni uhuru mtupu. Donnarumma alivaa 99 Milan kwa sababu kazaliwa 1999. Buffon akiwa Parma mwaka 2000 alichagua 88 yakamkuta, Wayahudi wa Italia wakalalamika kwa kuwa 88 ni alama ya manazi mamboleo, H ni herufi ya nane kwa hiyo 88 wao wanaisoma kama salamu ya Hitler. Yeye akajitetea kwamba hakujua, kwake zile nane mbili zilikuwa mipira minne, yaani ujasiri wa mwanaume (mmeelewa). Akabadilisha akachukua 77. Na 2019 aliporudi Juventus akakuta 1 ipo kwa Szczęsny, akaambiwa aichukue, akakataa, akavaa 77 yake akakaa kimya. Mtu amecheza miaka yote ile na 1 halafu hana makuu.

Dada_wa_Mikono

Naomba niongee ya mpira wa mikono maana huku mnajisahau kama dunia ni soka tu. Sisi makipa tulikuwa na 1, 12 na 16, ilikuwa utaratibu kabisa. Leo unaweza kuvaa mpaka 99 ila bado ukiingia ukumbini ukiona mtu ana 12 mgongoni unajua huyo ni wa golini. Thierry Omeyer wa Ufaransa alikuwa 16, Niklas Landin wa Denmark alikuwa 1, Andreas Wolff wa Ujerumani ni 33.

Na kuna kichekesho ambacho soka hamna. Kwenye mpira wa mikono unaweza kumtoa kipa ukaingiza mshambuliaji wa saba muda wowote. Zamani huyo anayeingia badala ya kipa ilibidi avae kizibao cha rangi ya kipa, kimetobolewa tundu mgongoni ili namba yake ionekane. Mimi nimekivaa kile kitu. Unakimbia kutoka benchi huku unakivuta kichwani, kimenasa kwenye sikio, tundu limeenda ubavuni, refa anatafuta namba haioni, na mpira umeshapotea goli liko wazi. 2016 kanuni ikabadilika anaingia na jezi yake ya kawaida. Mpaka leo nikiona timu inacheza saba mbele nahisi sikio linawasha.

NyandaMstaafu

Dada hiyo ya tundu kwenda ubavuni nimecheka peke yangu kwenye basi watu wananiangalia.

BarafuHaiyeyuki

Hoki ya barafu nimeifuatilia muda mrefu kidogo. Kule zamani kipa alikuwa 1 kama huku, Jacques Plante aliyefanya barakoa ya kipa iwe kitu cha kawaida kuanzia 1959 alikuwa 1 Montréal. Timu zilikuwa na kipa mmoja tu, akipigwa usoni mechi inasimama anashonwa anarudi. Ilipofika msimu wa 1965-66 kila timu ya NHL (ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada) ikatakiwa kuwa na makipa wawili waliovaa tayari kucheza, huyo wa pili akapewa namba za juu, 30, 31. Namba ndogo zilikuwa na wenyewe, na kipindi cha kusafiri kwa treni zilikuwa na faida pia kwa sababu wa namba ndogo ndo waliokuwa wanapata kitanda kizuri, Gordie Howe mwenyewe alihama kutoka 17 kwenda 9 kwa ajili ya kitanda.

Sasa angalia dunia ilivyogeuka. Namba za kipa wa akiba ndo zimekuwa namba za kipa. Martin Brodeur 30, Grant Fuhr 31, Tony Esposito 35, Patrick Roy 33. Leo mtoto akianza kudaka hoki anaomba 30 au 31, ukimpa 1 anaona umempa jezi ya babu yake.

Warusi walikuwa na 20, kwa sababu ya Vladislav Tretiak. Ed Belfour alifundishwa na Tretiak, baadaye akaanza kuvaa 20 kwa heshima yake. Hapo namba imeacha kuhesabu watu imekuwa kama jina la ukoo.

Oh na 00 ilikuwepo, John Davidson aliivaa na Martin Biron akaivaa, ikapigwa marufuku. Sasa ni 1 mpaka 98 tu maana 99 ya gwiji Wayne Gretzky ilistaafishwa ligi nzima mwaka 2000.

Kofia_Nyekundu

Polo ya majini fasta: namba iko kwenye kofia, kipa ni kofia nyekundu namba 1 na wa akiba nyekundu namba 13. Nusu ya mwili iko majini mgongo utauonaje. Nimemaliza.

GK_Halisi

Netiboli mmeisahau kabisa eti. Sisi hatuna namba, tuna herufi kifuani na mgongoni. GK ni mlinda goli, GD msaidizi wake, C wa kati, GS na GA wafungaji. Na ile herufi ni sheria kweli, inasema unaruhusiwa kukanyaga wapi. Mimi GK ni theluthi yangu ya mwisho na nusu duara yake tu, nikivuka mstari filimbi. Mkibadilishana nafasi mnabadilishana na vibao vyenyewe. Kwa hiyo nyie wa soka mnaobishana namba ya kipa ina maana gani, njooni huku kwenye maana yenyewe.

Babu_Kalamu

Binti umetufunga goli la kisigino.

Kipa_wa_Benchi

Nimesoma wote wanasema namba ni mazoea tu na mimi naomba nipingane kidogo, naandika kirefu mnisamehe. Nilikuwa kipa namba mbili misimu minne. Jezi yangu 22. Ya mwenzangu ilikuwa inafuliwa kila wiki mpaka rangi imepauka na ile 1 imepasuka pasuka kama udongo wa kiangazi, yangu baada ya misimu minne bado ina mikunjo ya kwenye nailoni, namba inang'aa utadhani imebandikwa asubuhi ile. Kazi yangu ilikuwa kumpigia mipira ya kupasha misuli. Unampigia ishirini, anadaka anatoa jasho, wewe unarudi kukaa na glovu kavu, na mbaya zaidi ukimpigia mkali sana kocha anakufokea utamuumiza, ukimpigia laini anakufokea humwandai.

Siku moja dakika ya 60 na kitu mwenzangu kaumia kidole. Navua traksuti mikono inatetemeka zipu haishuki, refa wa akiba ananisubiri na kibao. Naingia, naweka chupa yangu nyuma ya nguzo, nageuka kugusa mwamba wa juu, straika wao yuko pale anasubiri kona. Katazama mgongo wangu. Kawageukia wenzie kasema kwa sauti kabisa, pigeni tu popote, huyu ni ishirini na mbili. Na kweli wakapiga, mita 25, mita 30, jamaa mmoja kapiga kutoka karibu na duara la kati. Nikadaka tatu. Ya nne ilikuwa mbovu kuliko zote ikadunda mbele yangu ikapita katikati ya miguu.

Kwa hiyo msiniambie namba haisemi kitu. Kwako inaweza isiseme. Wao wanaisoma.

NyandaMstaafu

Mkuu hii imeniingia. Ila nikuulize, ungekuwa na 1 mgongoni wasingepiga?

Kipa_wa_Benchi

Wangepiga. Ila nisingekuwa naifikiria namba wakati ile ya nne inakuja.

Takwimu_Tupu

Shilton Kombe la Dunia 1982 alikuwa anaanza England na 22 mgongoni, 1 ilikuwa kwa Clemence. Mechi tano kafungwa goli moja. Nasema tu.

Kipa_wa_Benchi

Mimi sio Shilton mkuu 😂

Bahari_na_Nyavu

Kwenye uzi wa kipa na namba kutomtaja Chaker Alhadhur ni dhambi. Januari 2022, AFCON, Comoro wanacheza na wenyeji Cameroon hatua ya 16 bora. Kipa wa kwanza Ben Boina ana jeraha la bega, wawili waliobaki wamekutwa na korona. Hakuna kipa hata mmoja. Kaingia golini Alhadhur, beki wa kushoto, jezi yake ni 3. Kavaa jezi ya kipa na mgongoni wamembandikia 3 kwa utepe, ule wa kufungia vitu, unaona kabisa vipande vilivyokatwa kwa mkono. Dakika ya 7 nahodha wao Nadjim Abdou kala nyekundu. Watu wakasema leo ni kumi bila. Beki wa kushoto anapangua, anaanguka, anainuka, zile glovu zenyewe hazijazoea mikono yake. Wakafungwa mbili tu, na M'Changama akapiga frikiki moja kali sana ikawa 2-1, mpaka mwisho Cameroon wana presha nyumbani kwao.

Utepe wenye umbo la tatu. Nikiulizwa jezi ya kipa niipendayo ni ile.

GK_Halisi

Umenitoa machozi kaka.

Frikiki_Mita20

Na zipo jezi za kipa ambazo hata dukani hazikufika. Mary Earps 2023, kipa wa England kwenye Kombe la Dunia la wanawake, Nike waliuza jezi za wachezaji wa ndani, ya kipa hawakuiuza. Kaongea hadharani kwamba imemuumiza, mashabiki wakasaini maombi, yeye huku anafika fainali, anapangua penati ya Hermoso (walifungwa 1-0 lakini), anabeba glovu ya dhahabu. Baadaye Nike wakatoa chache zikaisha chapchap. Mtu ana 1 mgongoni, yuko fainali, na mtoto anayetaka kuwa kama yeye hana pa kuinunua.

Nahodha_Kwanza

Naona mnatetea sana kugoma. Mimi nasimama na nahodha wa mleta uzi. Timu ni utaratibu. Mnaanza na kipa kuvaa 16 mnaishia kama Edgar Davids, kaenda Barnet 2012 kama kocha mchezaji, kiungo yule, msimu uliofuata akajipa 1 mwenyewe. Au Pantelis Kafes wa Ugiriki kiungo anazunguka na 1. Hiyo ni vurugu.

Ticha_wa_Mazoezi

Rogério Ceni je? São Paulo alivaa 01, sifuri mbele, na mechi yake ya 618 mwaka 2005 akavaa 618. Kipa huyo huyo kafunga magoli zaidi ya 100 kwa frikiki na penati. Ungemwambia utaratibu?

Nahodha_Kwanza

Ukifunga 100 vaa hata namba ya simu.

BarafuHaiyeyuki

Nyongeza kwa Kumi_na_Sita, hoki ya nyasi India 2024 walistaafisha 16 ya P. R. Sreejesh baada ya shaba ya Paris. Kipa. Kumi na sita.

Kumi_na_Sita

NILISEMA MIMI.

NyandaMstaafu

Mrejesho wakuu. Leo mazoezini nimemwonyesha nahodha ile kanuni ya mmoja wa makipa, nimemsomea N'Kono, nimemsomea Langford. Kasikiliza mpaka mwisho akasema sawa, ila jezi mpya hatununui. Nikamwita dogo pembeni nikamuuliza mwanangu hii 16 ni ya nani, Barthez au Mendy? Akasema hapana mzee, ni namba ya dada yangu, alikuwa anadaka mpira wa mikono shuleni, ndo aliyenifundisha kuanguka. Nikanyamaza. Watu wote nilivyowasumbua na Kombe la Dunia kumbe jibu lilikuwa nyumbani kwao.

Basi tukaamua namba 1 ibaki tuongeze 6 pembeni. Fundi wa kubandika kafanya kama alivyoambiwa, ila ile 1 ilikuwa katikati kabisa ya mgongo, kwa hiyo 6 imekosa nafasi imesogea mpaka karibu na kwapa. Dogo akiinua mkono kudaka mpira wa juu 6 inajikunja inapotea, anabaki na 1. Akishusha mkono inarudi 16. Nahodha kaitazama weee, kasema basi mpira wa juu adake kama mimi ninavyotaka na wa chini kama anavyotaka yeye.

Dada_wa_Mikono

Kama ni ya dada yake hapo hata mimi nisingevua. Picha iko wapi?

KigodaChaMbele

Bado nimekaa. Picha mkuu.